Mtoto Anayelilia Jina

Dada yangu Persis hajui kubisha hodi. Tumetoka tumbo moja, lakini adabu za mlangoni nilifundishwa mimi peke yangu. Asubuhi ile ya mwishoni mwa Agosti alisukuma mlango kwa kiatu, ndoo mbili mkononi, akanikuta nimekaa mezani nimevaa koti, maana nilikuwa nimelivaa tangu jana yake.

"We Bertha, uko hai?"

"Niko."

"Basi nyanyuka. Matunda yameiva kule vilimani, na shemeji yako Emmanuel anawapeleka watalii wawili. Mashua ina nafasi. Ukiendelea kukaa hapa, wakati wa baridi utakula nini? Ukuta?"

Sikumjibu. Tangu mwezi wa Mei nilikuwa nimepunguza kujibu. Watu walikuwa wakiniuliza, moyo wako unaendeleaje, Bertha, na mimi nautafuta huo moyo siuoni. Aliyewahi kuchomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno ananielewa: unagusa shavu, na shavu si lako. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula kwa sababu sahani iliwekwa. Nilicheka wenzangu wakicheka. Usiku nililala fofofo, na hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Mwanangu Tulugak alipotea mwezi huo wa Mei. Shuleni na kazini aliitwa Wayne, lakini nyumbani alikuwa Tulugak, jina la baba yangu mzazi. Kwetu huku kaskazini kwenye barafu, jina halikai kaburini. Mtu akifa, jina lake hupewa mtoto atakayezaliwa baada yake, awe wa kiume au wa kike, na mtoto huyo huitwa vile vile alivyokuwa akiitwa marehemu. Kwa hiyo mwanangu nilimwita "baba" tangu yuko kwenye nepi, na yeye alijua kuitumia nafasi hiyo. "Mimi ni baba yako," ananiambia, kichwa chake hakijafika hata usawa wa meza, "na nimesema niongezewe sukari." Namwongezea. Ningefanyaje? Baba ni baba.

Alipokua akapata kazi ya ulinzi kwenye hifadhi ya pingo, vile vilima vyetu vyenye barafu tumboni. Alitengeneza njia ya mbao wanayopita wageni, na aliwafukuza waliotaka kupanda Ibyuk, kilima kikubwa kuliko vyote, kwa sababu udongo wa juu ukichubuka jua linaingia ndani na kilima kinakufa. Siku ile alitoka kwenda kukagua mbao, na barafu ya baharini ilikuwa imeanza kulegea. Pikipiki yake ya theluji waliiona kwenye tundu la maji, usukani umetokeza. Yeye hawakumwona. Walitafuta mpaka barafu ikavunjika, wakatafuta tena kwa mashua. Hakuna kofia, hakuna hata glavu.

Basi mimi nikasema: hakuna mwili, hakuna msiba. Kasisi alikuja, nikampa chai, akanywa akaenda zake.

Mwezi wa Juni binti yangu Lorna akajifungua mtoto wa kike. Na mtoto yule alilia, jamani! Si kilio cha njaa wala cha kinyesi. Alilia mpaka anabadilika rangi, titi analisukuma kwa mkono. Persis alikuja kumtazama mara moja tu akatoa hukumu.

"Huyu anataka jina lake."

"Anataka kulala," nikasema.

"Usinifanye mjinga, Bertha. Mtoto akilia hivi, kuna jina analidai. Hata anayelilia wembe hupewa, sembuse anayelilia jina?"

"Jina hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi? Asiyekuwepo na lake halipo."

"Hajarudi bado," nikasema, nikaondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hapo kila mtu akaelewa. Kumpa mtoto jina la Tulugak ni kusema Tulugak amekufa, na ruhusa ilikuwa ya mama yake, yaani mimi. Mimi nilikuwa nimeweka mguu mlangoni na siutoi. Kwa hiyo mtoto akawa anaitwa Bebi. Bebi amelala, Bebi ameamka. Mwezi wa Julai kilio kikapungua. Lorna alisema ni dawa ya tumbo aliyopewa na muuguzi, nami sikuuliza zaidi.

Sasa nisidanganye, asubuhi ile sikunyanyuka kwa ajili ya matunda. Kwetu mtoto akianza tu kutembea anafundishwa: ukipotea, ukiponea majini, nenda Ibyuk, panda juu, kaa huko. Mtu akisimama juu ya Ibyuk anaonekana mpaka mjini. Waliomtafuta mwanangu walisema walipanda, hawakuona kitu. Sawa. Lakini wao ni wao. Mimi sikuwa nimepanda. Nilitaka kutazama kwa macho yangu mwenyewe, na Persis alipodhani amenishawishi kwa mdomo wake nikamwacha afurahi.

Mashuani tulikuwa mimi, Persis, Lorna na mtoto mgongoni ndani ya koti lake kubwa, na mume wa Persis, shemeji yangu Emmanuel, ambaye anaongea na injini yake zaidi ya anavyoongea na watu. Watalii walikuwa mke na mume kutoka kusini. Mume alikuwa na kamera. Mke alikuwa amejifunika neti ya mbu kichwani, na kupitia neti hiyo aliuliza kila kitu.

"Ni kweli ndani ya vilima kuna barafu?"

"Ndiyo," Emmanuel akasema.

"Barafu tupu? Na juu nyasi na maua?"

"Ndiyo."

"Kama huyu mdogo wangu," Persis akadakia, ananinyooshea kidole. "Nje maua, ndani friza."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikachelewa kidogo, ikabidi nicheke peke yangu mwishoni.

Tulipita pale. Hakuna aliyesema kuwa ni pale, na maji ni maji, hayana alama. Emmanuel alivua kofia akajifanya anajikuna kichwa. Lorna akatazama upande wa pili. Mimi nikayaangalia yale maji, nikangoja nihisi kitu. Sikuhisi kitu. Nilifikiri tu kwamba upepo umetulia, tutarudi bila kulowa.

Tulipofika, Emmanuel akachukua bunduki yake kwa ajili ya dubu, akawaongoza wageni kwenye njia ya mbao. Persis akainama papo hapo kwenye matunda, maana yeye na matunda ni ugomvi wa siku nyingi. Mimi nikaweka ndoo yangu chini nikaanza kutembea.

"Bertha, huko hakuna matunda."

"Najua."

Akainuka, mkono kiunoni. "Mwanao mwenyewe alikuwa anafukuza watu wasipande pale."

"Basi aje anifukuze."

Persis akaivuta ndoo yangu karibu na yake. Akainama tena.

Nilipanda polepole, nikikanyaga penye nyasi ngumu ili nisichubue udongo. Mbu walinifuata kama wanaonidai. Kindi wa ardhini walipiga kelele kwenye mashimo yao, wakaniona sina maana, wakanyamaza. Kifua kilinibana, si kwa huzuni, kwa umri. Nilipofika juu nikashika magoti mpaka pumzi ikarudi, ndipo nikainua macho.

Nilitazama pande zote. Mji wetu ulikuwa kule, na mnara wa simu, na matangi ya mafuta. Maziwa yalikuwa mengi hayana idadi. Chini niliona ndoo nyekundu ya Persis na neti ya yule mama. Niliangalia ndani ya ufa ulioko juu ya kilima, nikazunguka nyuma ya kila tuta. Kulikuwa na kopo kuukuu la mafuta na kinyesi cha bata bukini.

"Baba!" nikaita.

Niliita kawaida, kama mtu anavyomwita mwenziwe chakula kikiwa tayari. Nikangoja. Nikaita tena kwa sauti zaidi, na kindi mmoja ndiye aliyeitika. Nikakaa chini. Nilitegemea kwamba hapo sasa nitalia, nikajiandaa kabisa, nikavua na miwani. Machozi hayakuja. Nikatoa kipande cha samaki mkavu mfukoni nikala, nikafuta mikono kwenye suruali, nikaanza kushuka.

Sikushuka kwa njia niliyopandia. Nilipita upande usio na upepo, na huko, karibu na chini, Lorna alikuwa amekaa amenipa mgongo. Alikuwa amejificha asionekane na kamera ya yule mtalii akimnyonyesha mtoto. Ardhi ni laini, hakunisikia. Alikuwa anaongea.

"Taratibu, kaka. Unakunywa kama unakimbizwa. Hata zamani ulikuwa hivyo hivyo, unamaliza sahani yako unakuja kwenye yangu." Mtoto akaguna. "Haya, haya, samahani, kaka yangu. Nani amekuudhi?"

Lorna alikuwa na kaka mmoja tu duniani. Na mtoto aliyekuwa mikononi mwake ni wa kike.

Nilisimama. Nikajikuta nimeshamwuliza. "Umemwita nani?"

Akaruka, titi nje, mtoto akaanza kupiga kelele. "Mama!"

"Nimeuliza umemwita nani."

"Umesikia, mama."

"Tangu lini?"

"Julai."

"Persis anajua?"

"Mama mkubwa ndiye aliyemtia maji mdomoni wakati wa kumpa jina."

"Na Emmanuel?"

Akatazama chini. "Wote wanajua."

"Aha. Kwa hiyo mji mzima una mwanangu maiti, mimi peke yangu ndiye mwenye mwanangu hai. Mkinikuta mimi mnasema Bebi, nikigeuka mnasema Tulugak."

"Tulikuwa tunaogopa."

"Umemzika kaka yako nyuma ya mgongo wangu, Lorna!"

Nilikuwa na hasira. Nawaambia ukweli, nilishangaa kuiona. Masikio yalikuwa ya moto, na nilitaka kumpiga mtu mzima aliyeshika mtoto mchanga. Tangu Mei hakuna kilichokuwa kimeipenya ile ganzi, na cha kwanza kupenya kikawa hicho.

Lorna naye akawaka. Ni binti yangu, mdomo hakuuokota njiani.

"Hakuwa ananyonya, mama! Wewe si ulikuwa humo humo ndani? Ulimwona? Mbavu zilikuwa nje zote. Muuguzi alishasema ndege ije imkimbize hospitali. Nikampa jina, na jioni ile ile akashika titi. Ulitaka nifanye nini? Nimngoje kaka aliye chini ya maji, na huyu anifie mikononi?" Alipumua, akamgeuza mtoto begani. Sauti ikashuka. "Na mimi nilikuwa na kaka mmoja tu, mama. Hujaniuliza hata siku moja ninaendeleaje. Hata siku moja."

Alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja kiangazi chote, nimemwona akipita na kikombe, akipita na nepi, na sikumwuliza.

Nikaondoka. Hasira nayo ikaondoka, ikaniacha pale pale iliponikuta, ganzi tupu. Nikaenda nikakaa karibu na Persis. Alikuwa amesikia zile kelele. Kwa kweli hata dubu walisikia.

"Umeshajua," akasema.

"Nimeshajua."

"Nitukane basi."

"Sina nguvu."

"Ningependa ungenitukana, Bertha. Haki ya Mungu ningekushukuru. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na wewe..." Akaacha hapo. Akavuta pua, akachukua ndoo yake iliyojaa akaimimina kwenye yangu iliyokuwa tupu, akaanza kuchuma upya. Nikamtazama akichuma. Vidole vyake vilikuwa vya mama yetu kabisa, vimepinda kwenye viungo. Niliwaza kwamba na yeye alimlea mwanangu nusu, kwamba utotoni akinikasirikia mimi alihamia kwake na blanketi lake. Niliwaza hayo yote vizuri kabisa, moja moja, na hakuna hata moja lililoniuma.

Emmanuel akapiga mluzi wa kuondoka. Tukakusanyika ufukweni. Yule mtalii mume akasema hajawahi kuona kitu kama kile, na mke wake akasema hajawahi kuumwa na mbu kama wale. Lorna alikuja wa mwisho, macho mekundu, mtoto sasa yuko kifuani, kichwa nje ya koti. Yule mama akafunua neti kwa mara ya kwanza siku ile.

"Jamani, katoto kazuri haka! Kanaitwa nani?"

Emmanuel akageukia injini yake ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Lorna akanitazama. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba mzigo hana pa kuutua.

"Bebi," akasema polepole.

"Bebi tu?" Yule mama akacheka kwa wema. "Hana jina?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa fundi wa kunyamaza. Mashua ingeondoka, tungefika nyumbani, Bebi angekuwa Bebi mpaka theluji ianguke, na mimi ningeendelea kuwa mama wa mtu aliyechelewa kurudi. Wangeniachia. Hilo ndilo nililoliona usoni mwa binti yangu, kwamba angeniachia, na angeendelea kumwita kaka yake kwa kujificha nyuma ya vilima.

"Anaitwa Tulugak," nikasema.

Persis akashika ukingo wa mashua.

"Oo, zuri!" akasema yule mama. "Lina maana gani?"

Wageni wote huuliza maana. Ni jina la ndege, yule kunguru mkubwa mweusi anayekaa nasi hata wakati wa baridi wengine wakishakimbia. Jibu hilo nimelitoa tangu utoto wangu na lilikuwa hapo hapo ulimini. Silo lililotoka.

"Maana yake mwanangu amekufa," nikasema. "Alizama mwezi wa Mei. Pale." Nikanyoosha mkono kuwaonyesha.

Yule mume akashusha kamera. Mke wake akaweka mkono mdomoni, akasema pole, akasema hakujua, pole sana. Nikamwambia si kitu, mama, hata mimi ndio kwanza nasikia.

Nikamgeukia Lorna nikafungua mikono.

"Nipe baba yangu."

Alishindwa kufungua vifungo, ikabidi Persis amsaidie. Wakaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana joto, ananuka maziwa yaliyochacha. Miezi mitatu nilikuwa nikimshika kama kifurushi cha jirani. Sasa nikamtazama usoni, naye akanitazama amekunja ndita, hana furaha nami hata kidogo.

"Baba," nikamwambia. "Nimetoka kukutafuta huko juu."

Ndipo ikaja. Nililia mbele ya wageni, kwa sauti, kamasi zinanitoka, nikaona uchungu mbichi kana kwamba wametoka sasa hivi kunigongea mlango kuniambia. Ulikuwa uchungu mbaya sana, na ningepewa kuchagua tena ningeichagua ile ganzi. Lorna akaja akanikumbatia mimi na mtoto pamoja, na Emmanuel, aliyekuwa ameshawasha injini, akaizima.